Kikohozi cha Nkuringo

Saa tano usiku nilikuwa nimejifunika blanketi hadi utosini, nimekumbatia mto wa kulalia na kuubana mdomoni, nakohoa.

Nilikohoa kidogokidogo, kwa kificho, nikimeza mate katikati ili koo litulie. Kitanda cha pili alilala mwalimu mwenzangu, na ukuta wa chumba cha jirani ulikuwa wa mbao tu. Kwenye kiti lilikaa begi nililolipanga na kulipangua mara tatu: koti la mvua, soksi ndefu za kuchomekea suruali ili siafu wasipande, glavu za kushikia miiba, maji, barakoa. Juu yake, ndani ya mfuko wa plastiki, kibali cha kuwaona gorila, chenye jina langu na tarehe ya kesho yake.

Miezi minane nilikuwa nikiisubiri tarehe hiyo.

Gorila hawakuwa kichwani mwangu usiku ule. Nilikuwa nafanya hesabu. Njiani, pale Mbarara, nilinunua chupa ya dawa ya kikohozi. Nikinywa vijiko viwili saa kumi na moja alfajiri, itanishika hadi saa ngapi? Tukiondoka saa mbili na nusu, tukatembea saa tatu, tukakaa nao saa moja, itatosha? Au nihamishie dawa kwenye chupa ya maji ili ninywe tena njiani bila mtu kujua?

Wiki kumi na moja zimepita. Kikohozi kiliisha siku ya nne. Hesabu ile bado ninayo.

## Dume aliyeitwa Rafiki

Mimi Bwindi, hifadhi ya taifa ya msitu kusini-magharibi mwa Uganda, ilinivuta kwa jina. Juni 2020, korona imetufungia majumbani na Uganda imefunga hifadhi zake za sokwe na gorila kwa wageni, nilisoma kwamba dume kiongozi wa familia ya Nkuringo ameuawa kwa mkuki. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi, na familia yake ilikuwa na gorila 17.

Jina lake Rafiki.

Aliyemuua alisema aliingia kuwinda wanyama wadogo, akakutana na kundi, dume likamjia, akajihami. Mahakama ilimfunga miaka 11. Nilisoma habari ile shule zimefungwa, sina la kufanya, na kilichonikaa moyoni ni lile jina letu la Kiswahili. Mnyama wa msituni alipewa jina hilo na watu waliomfuata siku baada ya siku hadi akawazoea. Kuizoesha familia ya gorila kunachukua miaka miwili na zaidi ya kwenda kila siku, kukaa karibu, kurudi nyumbani bila kumgusa yeyote. Gorila akishazoea, haondoki tena akisikia hatua za mtu. Hatua za askari wa hifadhi, za mgeni, za mwenye mkuki: kwake ni zilezile.

Nikajiwekea moyoni kwamba siku moja nitafika Nkuringo, upande wa Bwindi inakoishi familia ile, hata kama Rafiki hayupo.

## Safari iliyobana

Kwa miaka mingi niliamini gorila ni wa watu wa kutoka ng'ambo. Nilikuwa nimesikia bei: Rwanda, tangu 2017, mgeni hulipa dola 1,500 kwa saa moja. Uganda ni dola 800. Upande wa Congo, kwenye Virunga, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika, vita havijawapa wageni wala askari wa hifadhi nafasi ya kupumua. Sikujua kwamba Uganda ina bei nyingine kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani shilingi 300,000 za Uganda. Nilipoliona hilo niliisoma bei mara mbili, nikaenda kumwonyesha mtu mwingine anisomee.

Tukawa wanne, walimu watupu. Tukachagua likizo ya Juni. Huo ndio wakati wa kiangazi kule, njia zinakauka, na ndio wakati vibali vinagombaniwa, kwa sababu familia moja ya gorila hupokea wageni 8 tu kwa siku. Tukalipa mapema.

Kisha tukaupanga muda kama tunavyopanga ratiba ya mitihani. Bukoba hadi Mutukula, kuvuka mpaka, Masaka, Mbarara, Kabale, Kisoro. Kisoro tukodi gari moja hadi Nkuringo, gharama tugawane kwa nne. Usiku mmoja wa kulala kabla, siku moja ya msituni, kesho yake alfajiri tunaanza kurudi, maana mwenzetu mmoja alitakiwa kazini Jumatatu. Kila shilingi ilikuwa na kazi yake. Nilipanda kilima cha karibu na kwetu kila jioni kwa mwezi mzima nikizoeza magoti, kwa sababu nilisoma kwamba upande wa Nkuringo ndio wenye miteremko mikali kuliko pande nyingine za Bwindi, na unayeshuka asubuhi utapanda mchana.

Hakuna siku hata moja niliyofikiria koo.

Siku tano kabla ya kuondoka, mpwa wangu wa miaka minne alikuja kulala kwetu, pua zinamtiririka. Nilimbeba, nikamfuta, nikalala naye kitanda kimoja. Huyu mtoto mwaka juzi alilazwa kwa nimonia. Nilikaa naye usiku mbili wodini, muuguzi akanifundisha kumhesabia pumzi kwa dakika: unatazama kifua kinavyopanda, saa mkononi. Kwa hiyo akija na mafua siwezi kumweka mbali. Ndivyo nilivyo.

Nilianza kuwashwa koo tukiwa Masaka. Nikasema ni vumbi.

## Kinachoingia na pumzi

Sitajisingizia kutojua. Nilijua vizuri kuliko wenzangu wote, kwa sababu miezi minane nilisoma kila nilichokipata.

Nilijua kwamba mwaka 1996 familia moja ya gorila waliozoeshwa Bwindi ilipata upele. Manyoya yaliwatoka, wakajikuna hadi kutoka vidonda, kichanga kimoja kikafa. Daktari wa wanyama, Gladys Kalema-Zikusoka, aliufuatilia ugonjwa ule hadi kwa binadamu: gorila walikuwa wakitoka msituni kwenda mashambani, na mashambani kulikuwa na masanamu ya kufukuzia wanyama, yamevalishwa nguo kuukuu za watu wenye upele. Shati bovu juu ya mti. Basi. Mwaka 2003 alianzisha shirika linalotibu afya ya wanavijiji na ya gorila kwa pamoja, kwa sababu alishaona kwamba huwezi kuzitenga.

Nilijua pia kwamba mwaka 2009, upande wa Rwanda, ugonjwa wa njia ya hewa uliingia katika familia moja, jike mmoja na kichanga wakafa, na virusi walivyokutwa navyo ni vya binadamu. Hata kwetu Tanzania, katika hifadhi ya Mahale, mwaka 2006, sokwe walikufa kwa ugonjwa wa namna hiyohiyo. Kwangu mimi virusi hivyo ni siku nne za kunywa chai ya tangawizi. Wao hawana kinga yake, na hakuna hospitali ya kumpeleka mtoto wa gorila aliyeanza kupumua kwa tabu juu ya mteremko wa Bwindi.

Na ni wachache. Sensa mbili zilizojumlishwa, za 2016 na 2018, ziliwahesabu gorila wa milimani 1,063: milima ya Virunga 604, Bwindi na msitu wa Sarambwe unaopakana nayo 459. Shule mbili za msingi za mjini zingewazidi. Hakuna hata mmoja anayefugwa kwenye bustani ya wanyama popote duniani, kwa hiyo wakiisha milimani wameisha.

Haya yote niliyajua, na bado usiku ule nilikuwa nahesabu vijiko.

Nimejiuliza sana ilikuwaje. Sikuwa na nia mbaya, nawapenda wanyama hawa kwa dhati. Nafikiri ni ile ratiba. Tulipanga safari isiyo na mlango wa kurudi nyuma. Kila kitu kiliegemea asubuhi moja, na mtu akishaweka akiba yake yote, likizo yake yote na wenzake watatu juu ya asubuhi moja, ukweli unakuwa ghali mno kuusema. Uongo wangu niliuandaa mapema, wakati nikidhani naandaa safari.

Na zipo sababu nyepesi za kujifariji. Barakoa zipo. Umbali upo: mita 10, zilikuwa 7 kabla ya korona. Lakini gorila hawajasoma kanuni hizo. Mtoto wa gorila akitaka kuja kukuchungulia, anakuja, na wewe ndiye unayetakiwa kurudi nyuma, kwenye mteremko, vichaka nyuma yako.

## Saa moja na nusu asubuhi

Nilikunywa vijiko viwili saa kumi na moja alfajiri.

Naandika hili kwa sababu lisipokuwepo, hadithi itanipendeza kuliko nilivyokuwa.

Kituoni kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Tuliandikishwa, tukakaa kwenye mabenchi, mhifadhi akatoa maelekezo. Alisema wafuatiliaji wameshaingia msituni tangu alfajiri. Wanaanzia pale gorila walipoachwa jana, wanatafuta vitanda walivyolalia usiku, maana gorila hujenga kitanda kipya cha majani kila jioni, kisha wanafuata njia kutoka hapo. Alisema tusipige picha kwa mwanga wa kamera, tusile mbele yao, tusinyooshe vidole, dume akija tusikimbie.

Kisha akauliza: "Kuna mwenye mafua? Kikohozi? Homa? Anayeharisha?"

Benchi letu lilikaa kimya. Nami nilikaa kimya. Dawa ilikuwa imenishika kweli, koo lilikuwa tulivu kama la mtu mzima wa afya. Mhifadhi alitutazama mmoja mmoja, akasubiri kidogo, akaendelea.

Lilipita hivyo tu.

Akaendelea kuelezea familia tunayokwenda kuiona. Akasema mmoja wa majike ana kichanga cha wiki chache, kwa hiyo dume linaweza kuwa kali kidogo, tuwe watulivu. Watu walifurahi, wengine wakashangilia kwa sauti ya chini. Mimi nikaona kifua. Sikutaka kukiona, lakini nilikiona: kifua cha mtoto kinapanda na kushuka haraka mno, na mkono wangu wenye saa.

Tulisimama kuchagua fimbo. Mpagazi, kijana mwembamba mwenye buti za mpira, alinipa moja iliyochongwa kichwa cha gorila kwenye mshikio. Niliishika. Ilikuwa laini, imeshikwa na mikono mingi kabla ya wangu. Nikamrudishia, nikaenda alipokuwa mhifadhi.

"Kaka, nimekohoa usiku kucha."

Alinijibu kwa Kiswahili, kile chenye lafudhi ya kambini. "Na dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

Alivuta pumzi. Hakunikaripia wala kunipongeza. Akasema, "Asante kwa kusema. Kaa upande huu, dada," akanionyesha benchi lililo peke yake, akafuta jina langu kwenye karatasi kwa mstari mmoja ulionyooka. Alikuwa ameshawahi kuuchora mstari ule. Uliwekwa kwa mkono uliozoea.

Wenzangu waligeuka wote watatu. Mmoja alinikumbatia kwa mbali, kwa macho. Mmoja alikasirika, na hasira yake ninaielewa: tulilala chumba kimoja, sasa naye akaulizwa maswali, akapimwa joto, akahojiwa mbele ya wageni kama mtuhumiwa. Aliruhusiwa. Lakini hadi tunafika Kabale kesho yake hakunisemesha.

Kuhusu pesa ya kibali, nitasema moja tu kwa anayepanga. Muulize wakala wako, kabla ya kulipa, nini kinatokea ukiamka mgonjwa. Akujibu kwa maandishi. Sisi tuliuliza kuhusu mvua, kuhusu barabara, kuhusu mahali pa kulala. Hilo hatukuliuliza.

## Mgomba

Nilibaki na siku nzima.

Nikavaa barakoa, nikatembea kwa miguu kwenye barabara ya juu ya mgongo wa mlima. Kutoka pale unaona vitu viwili kwa pamoja: mkono mmoja mashamba ya viazi na maharage yamekatwa vipandevipande hadi chini bondeni, mkono mwingine msitu, mweusi, ukungu umekaa juu yake. Hakuna kinachoitwa katikati. Shamba linaishia pale, msitu unaanza palepale.

Bibi mmoja alikuwa akipalilia maharage. Nilimsalimu kwa Kihaya, akanijibu kwa Rukiga, na kwa kuwa lugha hizi ni ndugu tukaelewana nusu kwa nusu, nyingine kwa mikono. Nilisimama mbali nikamweleza kwamba ninaumwa ndiyo maana siko msituni. Alicheka kidogo, akaniita mwanangu, akanionyesha mgomba.

Ulikuwa umelala chini. Shina limepasuliwa kwa urefu, maganda yamefunguliwa moja moja, nje yapo yote, na ule moyo wake mweupe wa ndani haupo. Umeliwa. Ndizi zenyewe, changa, zimeachwa juu ya mkungu, hazijaguswa. Niliinama nikaona alama za vidole kwenye ganda: minne, minene, imezama kama mtu alivyobonyeza udongo.

"Engagi," alisema, yaani gorila. Wiki iliyopita.

Akaniambia vijana wa kijiji wanaojitolea kuwarudisha gorila msituni walikuja, wakawaongoza taratibu, bila kuwapiga. Migomba minne ilikuwa imeshalala. Nilijua kwamba kila kibali kina dola 10 zinazotengwa kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Nilimweleza. Akasema ndiyo, kuna mambo yamefanyika. Akautazama mgomba. Akasema mkungu ule ungekomaa kabla ya shule kufunguliwa.

Alinionyesha pia, kwa kidevu, nyumba chache upande wa pili wa bonde. Batwa. Msitu ulikuwa nyumbani kwao hadi ulipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wakatolewa. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba waliondolewa bila kutendewa haki. Nyumba zilikuwa zilezile ndogo nilizozitazama.

Kama koo langu lingekuwa zima, saa ile ningekuwa nimeupa mashamba haya mgongo, nashuka mbio kuelekea msituni. Ningerudi jioni nimechoka, nikalala, nikaondoka alfajiri, na ningesimulia Bwindi maisha yangu yote bila kujua kwamba ipo migomba. Sisemi kwamba ilikuwa heri niugue. Nilitaka kuwaona gorila. Ninataka hadi leo, na siku ile nilikaa kando ya barabara nikalia kwa uchungu wa kweli. Lakini yule bibi anaishi nao kila siku, kwa bei yake, na hakuwa kwenye ratiba yetu.

## Picha ya mjongeo ya sekunde arobaini

Wenzangu walirudi saa kumi jioni, matope hadi kiunoni. Yule aliyenikumbatia kwa macho alinipa simu yake bila kusema neno.

Sekunde arobaini. Majani yanatikisika. Dume amekaa, mgongo wa mvi umeelekea kamera, anamenya shina kwa meno, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Jike anapita nyuma yake. Kifuani kwake kuna kitu cheusi kidogo, kama ngumi, kimeshika manyoya. Jike anasimama, anageuka, na kile kitu kidogo kinapiga miayo.

Nilirudisha mara nyingi. Katika picha, nyuma ya majani, unamsikia mtu akipumua ndani ya barakoa.

Nilikuwa nikitafuta kwenye ile video jibu la swali moja: je, ningefanya nini kama mhifadhi asingetaja kichanga? Nimelirudia darasani, jikoni, kwenye daladala. Nilikaa kimya alipouliza mara ya kwanza. Huo ni ukweli. Ninataka kuamini kwamba ningesema hata hivyo, mahali fulani kati ya benchi na msitu. Lakini nilikuwa nimeshapokea fimbo.

## Septemba

Nimelipia tena. Wiki mbili kutoka leo.

Nakwenda peke yangu safari hii, ili hasira ya kubaki iwe yangu mwenyewe. Mvua zitakuwa zimeanza kule na njia itateleza. Nimeongeza usiku mbili kabla ya tarehe ya kibali na moja baada yake, na hilo limekula pesa niliyotaka kununulia mashine ya kufulia. Nimeuliza, nimejibiwa kwa maandishi. Kwenye basi nitavaa barakoa kuanzia Bukoba, si kuanzia msituni. Na bahasha ya usafiri wa kurudi nimeifunga kando, ili nikiamka nakohoa niweze kusema hivyo mlangoni, kabla ya kuulizwa, kisha nikamsaidie yule bibi kupalilia nikiwa mbali kidogo.

Jumapili dada yangu alikuja kutoka kanisani na mpwa wangu. Mlango ulipofunguka, mtoto akanyoosha mikono miwili, pua imejaa, anacheka.

Dada yangu akasema, "Mwache, utaambukizwa, na safari yako iko karibu."

Nilimbeba. Nikamfuta kwa kanga. Kifua chake kilikuwa kinapanda vizuri, taratibu, niliuweka mkono hapo hadi nikaridhika. Kisha nikaenda naye begani mpaka kwenye kalenda ya ukutani, tukaanza kuhesabu siku pamoja, yeye kwa kidole, akiruka nyingine.